Diski ya Papa Anaclet

Simu ilitoka Zongwe asubuhi: Papa Anaclet amefariki ndani ya boti, akielekea Moba. Binti yake Consolate aliketi chini, kapu la soko mkononi.

Kwa miaka kumi na minane mzee alitunza daftari za parokia yao, Kalemie. Kila mwezi alipiga picha kurasa mpya, akazitia kwenye diski, akaipeleka Moba mwenyewe, ili huku kukiungua majina ya waumini yabaki kule.

"Papa, umechoka. Tuma muntu," Consolate alimwambia safari ya mwisho.

"Muntu ataisahau kwenye bia," alimjibu akicheka.

Mwili ulirudi na diski mfukoni. Consolate akaandika jina la baba yake katika daftari ya wafu, akapiga picha ukurasa ule, akautia kwenye diski, akaikabidhi kwa padri aliyetoka Moba kuja kuzika, airudishe kule.

Saa nane wakamzika. Waliimba, wakasali, wakafukia kaburi, wakarudi nyumbani.