Gauni la Kijapani la Mama Neema

Nichekeni sasa hivi tuyamalize, maana mtu akicheka katikati ya kisa hiki nitanuna na mwisho wake hamtausikia. Hasira ninazo mpaka leo, na mbaya zaidi wa kumkasirikia ni mie mwenyewe.

Mie ni fundi cherehani, Tandika. Mashine yangu ilikaa barazani kwa Mama Neema, mjane wa watu kutoka Moshi, aliyenikaribisha pale bure mwaka niliofukuzwa kwenye fremu ya duka niliyopanga. Kazi yangu ni kufumua mitumba na kuishona upya, na siku hizo kwenye marobota zilianza kuja kimono, yale magauni ya hariri ya Wajapani, ya zamani, mikono mipana kama mifuko, hariri ambayo ukiishika unavionea aibu vidole vyako. Nikifumua moja, natoa gauni la kisasa la mtu wa heshima.

Basi Mama Neema akaipenda moja nyeusi, ina ndege wa dhahabu kwenye pindo na bitana nyekundu kwa ndani, akaitaka kwa sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake Neema kabla ya harusi. Akaniuliza, "Zuhura mwanangu, huu si mtumba?" Nikajibu, "Mtumba wapi, mama! Kitambaa kipya, kimeshuka na kontena juzi." Sababu ni kwamba wifi yake alikuwa kasimama pale kabana pua (na blauzi aliyovaa nilimuuzia mie, mtumba huohuo!), nikataka kumkomesha.

Sasa fundi yeyote anajua nguo kuukuu nyekundu unairoweka kwanza kwenye maji ya chumvi iteme rangi, ndipo ukate. Lakini nitaroweka vipi kitambaa nilichosema ni kipya, na Mama Neema anashinda pale kanikodolea macho kuanzia asubuhi? (Msimlaumu, sie mafundi na "njoo kesho" zetu tumejitakia kulindwa.) Nikakata hivyohivyo, na bitana nyekundu nikairudisha ndani, mikononi mpaka chini.

Ukumbini Kinondoni alipendeza mpaka nikatokwa na machozi. Nami nisiyetosheka nikaenda kumnong'oneza MC anitangaze, akatangaza kweli, "Fundi wa gauni la mama aje mbele acheze na mama!" Nikaenda kwa maringo. Viyoyozi vilikuwa vimezima, tunacheza, mama anatiririka jasho, na ghafla namwona mpiga picha anashusha kamera. Kutazama chini, miguu ya Mama Neema ina michirizi myekundu mpaka kwenye viatu vyake vyeupe. Mwanamke wa miaka sitini!

Wifi akapiga yowe, "Jamani, damu! Mshikeni!" Neema akakimbia akamkumbatia mama yake, na gauni lake la rangi ya maziwa likapigwa mgongoni mihuri miwili myekundu ya viganja vya mama, maana rangi ilishamshuka mpaka mikononi. MC, mpumbavu yule, akauliza kwenye maiki kama kuna daktari, kisha akaniwekea mie maiki mdomoni, "Fundi, kuna nini?" Nami, kwa kihoro, nikasema mbele ya watu mia mbili, "Si damu! Ni bitana! Huu ni mtumba, sikuuroweka!"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mama Neema hakucheka. Aliingia msalani akatoka na kanga ya kuazima kwa wapishi, akamaliza sherehe ya mwanawe wa pekee akiwa amekaa, mikono kaificha chini ya meza.

Asubuhi nikamfuata. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Nilijiandaa kutukanwa, na ningetukanwa ningepona, lakini alisema polepole tu, "Zuhura, Neema nimemlea kwa mitumba tangu nepi. Ungeniambia, ningelivaa vilevile na ningeringa nalo. Lakini umenidanganya, tena nyumbani kwangu. Mashine yako itoe leo."

Nikaibeba kichwani mwenyewe, na hasira zilizonipanda njiani nilitafuta wa kumpa nikamkosa. Wifi? MC? Uongo niliusema mie, na MC nilimtuma mie.

Siku hizi nashonea uchochoroni, na mteja akigusa tu hariri yangu namwambia kabla hajafungua mdomo: mtumba huo, aliuvaa bibi wa Kijapani nisiyemjua, na huenda ameshakufa. Wengine wanakunja uso wanaondoka. Waende.