Machipukizi Niliyorusha Juu ya Ukuta

Niulize kuhusu delfiniamu, nitakuchosha. Ni maua ya bluu, mashina yake yanampita mtu kwa urefu, nami nimeyapanda mstari mmoja kando ya ukuta unaonitenganisha na jirani. Yakimaliza kuchanua unayakata hadi chini, yanalala, mvua ikirudi yanachipua tena kwenye mizizi ileile. Mwaka wa tisa huu. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo nayapima kwa futi ya kazini kila Jumamosi, na kuyafunga kwenye fito kwa vipande vya nguo za wateja. Watu hunicheka. Wacheke, si wanakuja kuyaangalia?

Yakichipua lazima uyapunguze. Mzizi mmoja unatoa machipukizi kumi na mawili, unaacha matano tu, la sivyo yote yanakuwa membamba na upepo unayavunja. Ninayong'oa huwa nayafukia. Mwaka jana mvua zilichelewa, majani yakawa adimu ila maua yangu yakachipua kwa maji ya ndoo, na ng'ombe wa jirani akawa analia tangu asubuhi. Jirani mwenyewe tunamwita Mama Maziwa, kwake ndiko mtaa mzima tulikonunua maziwa. Nikawaza, mbona nafukia majani mabichi na kiumbe ana njaa? Nikarusha fungu zima juu ya ukuta, likaangukia horini. Tena nilijiona mwema!

Kabla ya adhuhuri ng'ombe alikuwa chini, anatetemeka. Daktari wa mifugo alikuta mzoga. "Kala kitu chenye sumu," akasema.

Mama Maziwa akamgeukia mkamwana wake, mke wa mwanawe, binti mpole aliyekuwa akikata majani kando ya barabara. "Ulimkatia nini? Sema!"

"Mama, ni majani yaleyale ya kila siku."

Nilikuwa nimesimama pale, futi shingoni. Nilikuwa nimekumbuka. Pakiti ya mbegu, iliyomo hadi leo katika kopo langu la vifungo, imeandikwa: usiwape mifugo. Nilikuwa nimeisoma kwa macho yangu. Badala ya kukiri, mdomo wangu huu ukasema, "Wasichana wa siku hizi, jirani, hawaangalii wanachokata." Hakuna hata aliyeniuliza! Aibu iliyonishika pale haijaniachia.

Siku ya tatu binti alifunga virago akarudi kwao, nyuma ya soko. Gauni lake la kijani lilikuwa kwangu, limebaki pindo tu. Nikalitundika nyuma ya mlango na kulifunika shuka, nisilione.

Kilichonimaliza ni toroli. Mama Maziwa alilisukuma hadi langoni kwangu, limejaa samadi. "Chukua, Fundi, ulishe maua yako. Ng'ombe kaenda, mimi ya nini tena?"

Nikapokea. Nikasema na asante! Maua yakapita ukuta, wapita njia wakasimama: "Fundi, mkono wako una baraka!" Nami nikatabasamu kama mwizi aliyepewa funguo. Akiba haiozi, wanasema, lakini neno nililoliweka mimi lilioza, likaninukia mwenyewe.

Jumamosi moja nilishindwa kupima. Nikachukua pakiti ya mbegu, nikaingia kwa jirani. "Mama Maziwa, aliyemuua ng'ombe wako ni mimi." Nikamweleza tangu mwanzo, hadi lile neno langu kuhusu wasichana.

Aliipokea pakiti, akasoma maandishi. "Na mimi nikamfukuza mtoto wa watu," akasema. Kisha akanirudishia pakiti. "Mimi nimepoteza ng'ombe tu, Fundi. Yeye tumemharibia jina. Nitamfuata, ila wewe tangulia. Kaseme kwa mdomo uleule."

Nikashona pindo, nikakunja gauni, nikaenda. Alifungua mlango yeye mwenyewe, na alipoliona gauni akacheka kwa furaha. "Jamani, Fundi! Kumbe hukunisusa? Nilidhani hata wewe umenichukia kwa sababu ya yule ng'ombe."

Nyuma yake mama yake alikuwa tayari anavuta kiti, anipangusie vumbi nikae.

"Acha kiti, dada yangu," nikamwambia. "Nisikilizeni kwanza nikiwa nimesimama."