Pacha wa Sare Moja

Mama Pacha ni dobi wa hospitali. Mikono yake imezoea maji ya moto, na mdomo wake haupumziki. Shuka lisipotakata, hulisema kama mtu anavyomsema mkwe mvivu.

Binti zake wamefanana hivi kwamba baba yao, akitaka kuwa salama, huwaita wote "wewe". Walikuwa na sare moja ya shule. Ndiyo maana mama aliomba mmoja asome zamu ya asubuhi na mwingine ya mchana. Adhuhuri walikutana kazini kwake, wakabadilishana nyuma ya mashuka yaliyoanikwa: sketi, shati, na sweta lenye kiraka cha kijani kiwikoni. Wa mchana hakuwahi kufika kwa wakati. Kila siku somo la hesabu lilimpita, na mtihani wa kumaliza shule ulikuwa unakaribia.

Serikali ilipotangaza kuwanunulia sare watoto wa familia zenye kipato kidogo, Mama Pacha aliomba mbili. Afisa ustawi, kijana wa suruali iliyopigwa pasi ikapigika, akaenda shuleni kuhakikisha. Asubuhi akaona kiraka cha kijani. Mchana akaona kiraka kilekile, sura ileile. Walimu walimwambia watoto ni wawili; yeye akaamini macho yake. Kesho yake adhuhuri akamfuata mama kwenye kamba za kuanikia.

"Mama, utapata sare moja. Mtoto ni mmoja, nimemwona mara mbili."

"Mmoja? Basi mkunga alinidanganya, mwanangu. Nami nililia mara mbili."

"Mama, mimi niko kazini."

"Na mimi hapa niko harusini?"

Madobi wenzake wakaangua kicheko. Mara binti mwenye sare akaingia mbio.

"Shikamoo."

"Marahaba," afisa akajibu.

Binti akapotelea nyuma ya shuka. Punde ikatoka sare ileile.

"Shikamoo."

"Si umeshaniamkia wewe?"

"Bado."

Shuka likasogea, kichwa kikachungulia. "Niliyekuamkia ni mimi. Huyu ndiyo kwanza anakuona."

Afisa akatazama huku, akatazama kule, kisha akacheka mpaka akashikilia kamba.

"Nisamehe, mama. Ni mbili."

Na ziwe mbili. Ile si sadaka. Mama yule hulipa kodi kwenye kila kipande cha sabuni anachonunua, na nchi inayotaka watoto wasome haina haki ya kumfungia mmoja mlango kwa sababu ya sketi. Aibu ya kukosa sare si ya mama. Ni yetu sote tuliokaa kimya.

Sare zilipofika, mwalimu mkuu aliwahamishia wote asubuhi. Kwa mara ya kwanza walikaa dawati moja. Kabla ya mapumziko, mwalimu wa hesabu alikuwa ameshawatenganisha kwa sababu walikuwa wakipiga soga.

"Waache," Mama Pacha alisema alipoitwa shuleni. "Wana mengi ya kuhadithiana."