Kochi la Mama Mkwe

Miaka yote jamaa mmoja alikuwa akipiga video za harusi, kazi ya kuwafuata watu wengine wakikata keki. Siku moja akasema sasa basi, anatengeneza filamu yake mwenyewe. Hadithi alikuwa nayo, na waigizaji walikuwa binamu zake pamoja na jirani mmoja mwenye ndevu nzuri. Kilichokosekana ni sebule ya watu wenye uwezo, na katika ukoo mzima sebule ya namna hiyo ilikuwa moja tu, ya mama mkwe wake.

Humo mlikuwa na kochi la rangi ya maziwa ambalo hata marehemu baba mkwe alilikalia kwa ruhusa. Mama mkwe akakubali kwa masharti mawili: naye aigize, na pawe na bima. Bila bima, asimwone mtu mlangoni na nyaya zake.

Wakala wa bima akaja. Alimtazama mama usoni mara moja, akavua viatu bila kuambiwa. Akaeleza kwamba bima hii humlipa mtu wa nje aliyeharibiwa mali yake na watu wa filamu. Watu wa filamu wenyewe hawamo. Kisha akauliza kama mama ana kazi yoyote humo. Mama akajibu kwa fahari kwamba yeye ndiye bibi anayekufa.

"Basi Mama, wewe si mtu wa nje. Ukiigiza, kochi halina bima."

Mkwe mtu akaona filamu inamponyoka kama sabuni bafuni. Mama akalipapasa kochi lake polepole, kisha akamgeukia.

"Kwani mimi nasema maneno mangapi?"

Akakiri kwamba bibi anasema "Njooni, wanangu," halafu anakata roho.

"Nihatarishe kochi langu kwa maneno mawili? Niongezee, baba. Na nifie hapa hapa juu yake, siyo chumbani nisikoonekana."

Wakala akauliza sasa bima amkatie nani. Mama akamwambia awakatie majirani, maana atakufa kwa sauti.

Siku ya kupiga picha, bibi alianza kufa asubuhi. Mchana ulimkuta bado anatoa wosia, wajukuu wamechoka kulia, jirani wa ndevu amesinzia. Mkwe akabadilisha betri, akainama kando ya kochi.

"Mama, tafadhali," akanong'ona kwa adabu zote, "fariki."

Mama akafungua jicho moja, akasema bado hajafika kwa watoto wa dada yake.