Koti Langu Lilivyokuwa Mfanyakazi Hodari

Ninyi mnaoanza kazi serikalini, ngojeni niwafafanulie taratibu, msije mkaaibika kama mimi. Ofisini kwetu Dodoma, koti likiwa kwenye kiti, mwenyewe yuko jirani na hakuna anayeuliza zaidi. Langu halikuwahi kutoka. Kila asubuhi nilisaini, nikaliachia kazi, nikaenda Miyuji kusimamia mafundi waliokuwa wakijenga nyumba yangu, kuta zikiwa bado hazijafika lenta, ile zege ya juu ya madirisha.

Akaja mkurugenzi mpya, mama mmoja mpole. Akifika mapema, koti lipo. Akitoka jioni, lipo.

"Huyu baba huwa anakwenda nyumbani kweli?" alimuuliza Mama Zubeda wa masjala.

"Anajituma sana, bosi," akajibu Mama Zubeda, ambaye mtandio wake nao hushinda kazini peke yake.

Mei Mosi ilipokaribia, nikatangazwa mfanyakazi hodari. Bila haya, nikaanza kuota kupanda daraja.

Siku ya kukabidhiwa cheti nilitoka Miyuji mbio, saruji ikiwa bado kwenye viatu. Ukumbi umejaa. Mpiga picha akataka nivae koti, likaletwa na vumbi lake. Nikaingiza mkono, ukakwama. Nikasukuma kwa nguvu za mtu mwenye haki yake. Mabonge ya udongo mkavu yakamwagika sakafuni, nyigu mmoja akaruka. Nyigu walikuwa wamejenga humo ndani kwa raha zao.

Mkurugenzi akautazama udongo, kisha viatu vyangu. Cheti akakirudisha mezani.

"Hongera, baba," akasema. "Nyigu wameshamaliza kujenga. Wewe umefikia lenta?"