Mbishi wa Nguvumali na Moto wa Gesi

Habari za kifo chake nilizipata sokoni, kwa muuza samaki, nikiwa nasubiri changu wangu apaliwe magamba. Yule bwana alisimamisha kisu hewani, akakitazama kama mtu aliyekumbuka jambo, akaniambia, "Umesikia? Aliyenitengenezea hiki kafariki alfajiri. Wanazika baada ya Adhuhuri." Akaendelea kupaa magamba, lakini taratibu zaidi. Mfua visu wetu wa mtaa wa Nguvumali, hapa Tanga, alifia usingizini akiwa mzee wa kutosha, watoto wakubwa, wajukuu wengi, na hakuugua kiasi cha kumchosha mtu. Ndiyo maana, wasomaji wangu, mkiniona leo naandika habari za msiba huku nikitabasamu, msinihukumu. Hata makaburini, baada ya dua, watu waliondoka kwa vikundi wakisimuliana vituko vyake, na niliona shehe mmoja akiziba mdomo kwa kilemba ili asionekane anacheka.

Mimi nilimfahamu kwa sababu ya kisu kibutu. Niliambiwa nenda kwa fulani, nyumba yenye banda la mabati nyuma, utasikia nyundo. Nikafika, nikatoa shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua uso, kisha akasema, "Lete mkono." Nikadhani anataka kunisalimu. Kumbe anataka kuupima. Aliushika, akaugeuza, akabonyeza kiganja kama daktari, akauliza, "Unakata nini?" Nikamjibu, chochote. "Chochote hakikatwi," akasema. "Samaki anakatwa, nyama inakatwa, nazi inavunjwa. Nenda nyumbani kaulize mnakula nini, halafu urudi." Nilikasirika njia nzima. Nilirudi kesho yake nikiwa na jibu kamili, na kisu alichonifulia, chembamba, chenye mpini wa mninga ulioingia kiganjani mwangu kama umeota humo, ndicho tunachotumia mpaka leo. Alikuwa hivyo kwa kila mteja. Hakukuuzia kisu mpaka umebishana naye kidogo, na ukikubali upesi alikuona huna akili timamu.

Sasa nije kwenye kisa ninachotaka mkisikie. Kwa miaka yote alifua kwa mkaa wa vifuu vya nazi, na vifuu vyenyewe alivichoma mwenyewe uani. Moshi wake ulijulikana mtaa mzima. Majirani walianua nguo wakisikia anakohoa kuelekea bandani. Walimlalamikia, akawajibu kwamba baba yake alifua hivyo, na babu yake pia, na visu vyao vilichinja ng'ombe wa sikukuu kabla wao hawajazaliwa. Lakini kifua cha mkewe hakikujali hoja hizo. Mama yule, mpishi wa shughuli aliyealikwa kupika pilau katika harusi nyingi za Tanga, alianza kukosa pumzi. Hospitali wakamwambia aukimbie moshi. Akamwambia mumewe mara ya kwanza, ya pili, kisha akafunga nguo zake na kwenda kukaa kwa binti yao Pangani. Hakwenda kwa ugomvi. Alimwambia tu, "Mimi naenda kupumua. Ukipata njia, niite."

Nilipomtembelea wiki ile nilimkuta amekaa bandani, moto hajawasha, nyundo iko chini. "Nyumba imekuwa kubwa," akaniambia. Nikamuuliza kwa nini asiachane na kazi, umri umekwenda, watoto wanamsaidia. Akanitazama kama niliyemtukana. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Hivi hiyo gesi, inaweza kuyeyusha ubishi wa chuma?" Nikamwambia sijui, lakini twende tukaulize.

Tanuri lenyewe la gesi halikumsumbua. Alichukua kipande cha bomba nene la chuma, akakitandika ndani matofali aliyoyapata kwenye tanuri la mkate lililobomolewa, akatoboa tundu la kuingizia moto. Tatizo lilikuwa dukani. Kijana muuzaji alitupa mtungi mdogo, mpira wa rangi ya chungwa na regyuleta, kile kichwa cha mtungi kinachopima gesi inayotoka, ile ya kubana ya jikoni. Mzee akauliza kama itafaa kwa kufulia visu. "Gesi ni gesi tu, mzee wangu," akajibu kijana. Tukarudi kwa furaha, tukafunga, tukawasha. Ukatoka moto wa buluu, mpole, wenye adabu, unaofaa kuchemshia chai. Kipande cha springi ya gari kilikaa humo mpaka mtungi ukatoa jasho, kikabadilika rangi kidogo tu, kama kucha iliyopakwa hina ikaoshwa mapema. Alikipiga nyundo, nyundo ikaruka. Akakaa chini. Nilijua anawaza nini: kwamba mkewe atabaki Pangani.

Alimpigia simu kumwambia ameshindwa. Mimi nilikuwa kando na simu ilikuwa ya sauti kubwa, kwa hiyo nilisikia yote. Mama akauliza, "Umefunga regyuleta gani?"

"Hii ya kawaida. Ya jikoni."

Kikafuata kicheko ambacho sina jinsi ya kukiandika. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akacheka tena. "Mume wangu, sufuria la pilau la watu wa harusi unadhani nalichemsha kwa hiyo? Hiyo inatoa pumzi ndogo, na huwezi kuiongeza. Tafuta ya presha kubwa, ile ya kuzungusha kwa mkono, yenye geji ya kukuonyesha presha. Na mpira wake uwe wa presha kubwa, si huo wa chungwa. Na mtungi uwe mkubwa, mdogo utaganda barafu." Halafu akabadili wazo. "Au acha. Nakuja mwenyewe."

Alikuja na basi la asubuhi, na nilikuwepo dukani alipoingia. Alizishika regyuleta moja moja, akazizungusha, akarudisha zilizokuwa zinakwama, akachagua iliyozunguka laini na yenye geji inayosomeka bila miwani. Mumewe alibishana naye kuhusu kila moja, kwa raha ya kubishana tu, na mwishowe akabeba aliyoichagua mkewe. Nyumbani mama akataka mtungi ukae nje ya banda, mbali na tanuri. Akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, akainama kutazama kama linatoa vipovu. Palipotokea kipovu, akaamuru pakazwe, akapaka tena. "Kiberiti kwanza, gesi baadaye," akasema, kisha akarudi nyuma na kukunja mikono.

Safari hii tanuri lilinguruma. Mzee alizungusha taratibu, mngurumo ukapanda, na ndani ya muda mfupi ile springi ikawa na rangi ya papai bivu, nzima, sawasawa, bila cheche wala jivu. Alipiga nyundo na chuma kikakubali. Alifua kisu kile kama kijana, akakizamisha kwenye mafuta, akakipitishia tupa, na tupa ikateleza bila kukikwaruza, ishara kwamba chuma kimekuwa kigumu. Akapiga ukelele majirani wakatoka nje wakidhani kumelipuka. Walimkuta anacheza ngoma isiyo na muziki uani, amemshika mkewe mkono, na hewa juu yao ni safi. Mama hakurudi tena Pangani ila kwa kutembea. Wageni wakimuuliza, alisema, "Mimi nimerudishwa na regyuleta," na mzee akakanusha kila mara.

Siku ya tatu ya msiba nilisimama mlangoni kumpa mama pole. Yuko kwenye eda, sauti yake ilitoka nyuma ya pazia, imetulia. Akaniuliza kama nitaandika. Nikasema nitaandika. "Basi usiwaongopee watu kwamba alikuwa mpole," akasema. "Alikuwa mbishi. Andika alikuwa mbishi aliyekubali."

Nimeyafikiria maneno hayo tangu siku hiyo. Sisi huwapa wazee wetu ruhusa ya kukataa. Mtu akishafika umri fulani, akisema hawezi kubadilika, tunaitikia na kumpisha, tena tunaiita heshima. Wapo wanaoitumia ruhusa hiyo mpaka nyumba inawaishia watu, wakabaki na desturi zao peke yao. Yeye alipewa ruhusa ileile na mtaa mzima, na baba na babu yake wakiwa mashahidi, akaiacha. Aligundua kwamba alichokipenda ni kisu na mwenye kukitumia, na kwamba njia ya kukipata inaweza kubadilishwa hata nywele zikiwa nyeupe. Tumwombee rehema. Nasi, kila mmoja mahali pake, tumuulize aliye karibu nasi kama anapumua vizuri, na akisema hapana, tuanze na hilo kabla ya kutetea mazoea yetu.