Aliyemsemesha Mihayo

Muhidini bin Majaliwa alikuwa na mdomo. Shinyanga nzima ililijua hilo, na wapo waliolijua kwa machungu, maana ukishabandikwa jina na Muhidini utazikwa nalo. Baba yake alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, mama yake alikuwa Msukuma wa hapo hapo, kwa hiyo lugha zote mbili alizinyonya. Lori la sinema lilipofika mwaka wa 1936 likitafuta mkalimani, hapakuwa na haja ya kuuliza mara mbili.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Giza likiingia tu, mzungu mwenye lori, ambaye watu walimwita Bwana Sinema, alitundika shuka jeupe kati ya miti miwili akawasha mtambo wake. Picha zilitembea, lakini hazikuwa na sauti. Watu wa kwenye shuka walifungua vinywa wakafumba, wakafungua wakafumba, na Muhidini, amesimama pembeni na bati lililokunjwa kama faneli, ndiye aliyewapa maneno. Bwana Sinema alimfundisha ya kusema kuhusu vyoo, josho la ng'ombe na mbegu za pamba. Hayo Muhidini aliyasema harakaharaka akayamaliza. Mengine yote aliyatunga mwenyewe.

Kila mahali palikuwa na picha yake kipenzi. Wanawake wa mjini hawakuchoka kumtazama mzungu wa kike akimwogesha mtoto kwenye karai, na kesho yake walibishana kisimani kama mtoto alilizwa na baridi au na sabuni. Wafugaji walitaka ya ng'ombe, wakamtukana waziwazi yule mchungaji wa kwenye shuka kwa kuchunga ovyo. Lakini picha iliyopendwa kila kijiji ilikuwa ya Mtu wa Pengo. Ilipigwa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita: wachimbaji wamepanga mstari mchana kusubiri ugali, ghafla mmoja wao, mrefu, mwenye pengo mbele, anaugeukia mtambo unaompiga picha, anacheka, kisha anaanza kusema. Alichosema hakuna aliyekijua. Kijiji hiki Muhidini alimfanya alalamikie mboga, kijiji kile alimfanya atafute mchumba. Hiyo ndiyo picha aliyoipenda Muhidini kuliko zote, na hakuficha sababu: humo ndani yeye alikuwa mfalme.

Mwezi wa nane mwaka uliofuata walifika Kagongwa. Watu walijaa. Mtu wa Pengo alipogeuka na kucheka, Muhidini akapaza sauti kwa Kisukuma, "Mwambieni mke wangu asihangaike! Nimeyachoka mashimo, nimehamia Nkome ziwani, nakula samaki. Mvua zikianza, nitarudi!"

Watu wakaangua kicheko. Katikati ya kicheko hicho mwanamke mmoja alipiga ukelele, akasukuma watu, akaenda mpaka kwenye shuka na kulishika kwa mikono miwili. Picha ikamwangukia yeye. Uso wa yule mwanamume ulimkaa mgongoni, ukicheka, mkubwa kuliko yeye. Bwana Sinema alikasirika akazima mtambo. Muhidini alidhani ni ushamba tu, wa watu wasiowahi kuona sinema, na alfajiri lori likaondoka.

Walirudi mwezi wa pili wa mwaka mpya, mashamba yakiwa ya kijani. Asubuhi ile ile mzee mmoja alimfuata Muhidini pale lori liliposimama.

"Shikamoo, mzee," Muhidini akaamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemsemesha mwanangu?"

Mzee huyo aliitwa Maduhu, na alieleza bila kupandisha sauti. Mwanawe Mihayo, mwenye pengo, alikwenda kuchimba dhahabu. Wiki chache kabla ya sinema ile, shimo liliporomoka likafukia watu watano. Watatu walitolewa, wawili hawakuonekana, na mwenye machimbo akaamuru shimo lizibwe. Rafiki wa Mihayo alileta blanketi lake. Ukoo ulishapanga siku ya kulizika blanketi hilo mahali pa mwili, kumlilia, na kumnyoa mjane wake, Mbuke.

"Ndipo mkaja ninyi," alisema Maduhu. "Mkwe wangu amenyang'anya blanketi. Amekataa kunyolewa. Mvua zilipoanza alipika kila jioni chakula cha mume, akakaa mlangoni. Mume hakuja. Akambeba Limi mgongoni, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, akaenda Nkome kwa miguu. Siku saba kwenda, siku saba kurudi, mvua inawapiga. Aliuliza kila mtu anayeanika dagaa. Mtoto amerudi na kifua, bwana. Tunamsikia usiku anavyokoroma. Na kesho kutwa mama yake anasafiri naye tena, anasema safari ile hakutafuta vizuri."

"Mwacheni mtoto abaki kwenu!"

"Tumesema. Anasema baba yake atataka kumwona."

Muhidini aliuliza nyumba ya mkwe huyo ilipo.

Alimfuata Mbuke nyumbani kwake mchana huo. Alimkuta anamnywesha mtoto maji ya moto kwa kijiko. Alikuwa mwanamke mdogo tu, nywele zimetimka, macho yametulia kuliko ilivyostahili. Limi alikohoa, mbavu zikaingia ndani na kutoka. Muhidini aliongea akitazama chini.

"Mama Limi, nimekuja kukuomba radhi. Yale maneno niliyatunga mimi. Picha ile haina sauti. Mume wako simjui, sijawahi kumwona, na habari za Nkome ni mzaha wangu wa kuchekesha watu. Usiende."

Mbuke hakukasirika. Alimtazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyomtisha Muhidini.

"Bwana Muhidini, mfumu akipandwa na wazee, anajua anachosema?"

Mfumu ni mganga wao, ambaye waliokufa au walio mbali humtumia kinywa. Muhidini alilijua jibu, na Msukuma yeyote angelijua.

"Hajui," alisema. "Akizinduka anaambiwa na waliokuwepo."

"Basi. Wewe ulikuwa kinywa tu. Unadhani ulitunga. Lakini nilikuwepo, nilisikia. Mume wangu alicheka, midomo ikafunguka, na sauti ikatoka. Itakuwaje midomo iwe yake na maneno yawe yako?"

Muhidini alijitetea mpaka jasho likamtoka. Aliapa kwa Mungu. Kadiri alivyoapa ndivyo Mbuke alivyotikisa kichwa kwa upole, kama anayemsikiliza mgonjwa wa homa. Mwisho Muhidini aliinuka akatoka, na kikohozi cha mtoto kikamsindikiza mpaka njiani.

Mchana ule hakula. Kila aliyepita akiongea na mwenzake mbali, asipomsikia, Muhidini aliona midomo ile ikifunguka na kufumba, akaingiwa na hofu. Ametia maneno vinywani mwa watu wangapi? Geita mpaka Maswa, ni vijiji vingapi alivyoacha nyuma bila kujua nani amekaa mlangoni? Alijichukia. Na kilichomtesa zaidi ni kwamba sauti ya Mihayo sasa aliisikia kweli kichwani mwake, nzito kidogo, ya mtu mwenye pengo, ikimrudia bila kuitwa: mvua zikianza, nitarudi.

Saa za jua kuchwa alimwendea Bwana Sinema, akamwomba aanze na picha ya wachimbaji. Bwana Sinema akakubali, kwa sababu alijua kuwa inachekesha.

Mbuke alikaa mbele kabisa, Limi mapajani. Nyuma yake walikaa Maduhu na ukoo wao. Mtambo ukanguruma. Mstari wa wachimbaji ukatokea, na sahani zao, na jua la mchana lisilo na joto. Mtu wa Pengo akageuka. Akacheka. Muhidini aliinua bati, na hakutumia sauti yake ya mizaha. Alitumia ile aliyoisikia kichwani.

"Mbuke," alisema. "Nimekufa. Shimo limenifunika, siko Nkome, na siko mahali popote pa kufikika kwa miguu. Wape wazee blanketi langu. Usimtembeze Limi kwenye mvua. Usinipikie tena."

Akateremsha bati.

Hakuna aliyecheka. Mtambo uliendelea kukereza, na Mihayo mweupe na mweusi akaendelea kuwatazama mpaka picha ikakatika. Kisha Mbuke akalia. Alilia kwa sauti ambayo ilikuwa imesubiri miezi saba, na wanawake wa ukoo wakamzunguka wakalia naye. Bwana Sinema aliuliza kwa hasira watu wana nini leo. Muhidini alimjibu kwamba wamefiwa.

Blanketi lilizikwa kesho yake. Mbuke alinyolewa, mikono ya shemeji zake ikikishika kichwa chake kwa uangalifu. Limi aliachwa kwa bibi yake, karibu na moto, na akina mama walisema kifua kimeanza kulegea. Maduhu alimletea Muhidini jogoo wa shukrani. Muhidini alimpokea kwa sababu kukataa kungekuwa matusi, lakini hakuweza kumtazama mzee usoni. Amemfufua mwana wa mtu kwa uongo, akamuua kwa uongo mwingine, na wa pili umelipiwa jogoo. Hata kama ni kweli Mihayo amelala chini ya udongo wa Geita, si yeye Muhidini aliyekuwa na haki ya kumtangaza. Na kama si kweli? Hilo hakuthubutu kuliwaza mpaka mwisho.

Lori lilipokuwa linafungwa kamba, Mbuke alikuja peke yake. Kichwa chake kilichonyolewa kilimfanya aonekane msichana. Alisimama mbele ya Muhidini kwa heshima, mikono imefumbatwa.

"Nimekuja kukuaga," alisema. "Na kukuuliza jambo moja. Juzi ulinyamaza mapema. Uliposhusha bati, yeye alikuwa bado anasema. Nilimtazama mpaka alipotoweka, midomo yake ilikuwa bado inakwenda. Baada ya kuniambia nisimpikie tena, alisema nini?"

Muhidini alifungua kinywa. Maneno yalikuwepo, tayari, matamu, ya kumtosha mjane maisha yake yote. Aliyaona yamejipanga. Bwana Sinema alipiga honi.

"Sijui, Mama Limi," alisema.

Mbuke alimtazama, na safari hii alimwamini.